Skrini ya kompyuta: gemu, hesabu na picha hazidai kitu kimoja

Mwaka juzi nilipiga picha za harusi moja Ngamiani, hapa Tanga, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba, na kwa siku nne mfululizo nikakaa mbele ya kompyuta nikizihariri moja baada ya nyingine kabla ya kuzipeleka kusafishwa. Kwenye skrini yangu zilipendeza mno. Mikono ya bibi harusi ilikuwa na hina ya kahawia iliyoelekea wekundu, na nyuzi za dhahabu kwenye nguo yake zilihesabika. Albamu ilipotoka, mama wa bibi harusi aliifungua, akafika kwenye picha ya mikono, akaiinamia kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, sisi tulimpaka hina. Hili piko limetoka wapi?"

Nilitazama, na kweli ile kahawia ilikuwa imegeuka nyeusi. Nilidhani kosa ni la mashine ya kuchapia, nikalipeleka faili lile lile sehemu nyingine, nalo likarudi na giza lile lile. Ndipo nilipoanza kuichunguza skrini yangu yenyewe, ambayo niliinunua kwa sababu ilikuwa kubwa na iling'aa kuliko zote zilizowashwa dukani siku ile. Mwangaza wake ulikuwa kwenye asilimia 100, kama ulivyotoka kiwandani, na chumba changu kina dirisha linaloingiza jua lote la asubuhi. Picha zenyewe zilikuwa na giza tangu mwanzo, lakini taa kali iliyo nyuma ya kioo ilikuwa ikizibeba, nami nikaidhania nuru ya taa kuwa ni nuru ya picha. Karatasi haina taa.

Skrini ile haikuwa mbovu. Mpwa wangu anaitumia hadi leo kuchezea gemu na hana neno nayo. Ilikuwa skrini ya kazi nyingine, na hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili. Juu ya boksi moja huandikwa tarakimu za kila namna, inchi, pikseli, Hz, milisekunde, asilimia za rangi, na kila tarakimu ina mtu inayemhusu na mtu isiyemhusu kabisa. Anayecheza gemu anahitaji jicho lake lifuate kinachokimbia bila kuachwa nyuma. Anayeshinda kwenye majedwali na barua anahitaji herufi zilizotulia, ambazo hazitakuwa zimemchosha ifikapo saa kumi jioni. Anayehariri picha anahitaji kuambiwa ukweli kuhusu rangi, hata pale ukweli huo usipopendeza. Kwa hiyo mtu anaponiuliza anunue skrini gani, huwa sijibu kabla ya kujua jicho lake litafanya kazi gani mbele ya kioo hicho, na kwa saa ngapi kwa siku.

Inafaa kuanza na kioo chenyewe, ambacho mafundi hukiita paneli, kwa kuwa kasoro ya paneli hairekebishwi kwa kubonyeza kitufe. Skrini nyingi zilizoko sokoni ni za fuwele za kimiminika: nyuma kuna taa nyeupe inayowaka wakati wote, na mbele yake kuna tabaka la fuwele ndogo sana ambazo umeme huzigeuza ili zifungue au zizibe njia ya nuru, kama luva za dirisha. Namna luva hizo zinavyogeuka ndiyo inayozaa yale majina ya TN, VA na IPS. Katika TN fuwele hujisokota na kujisokotoa; utaratibu huo ni wa haraka na wa bei nafuu, lakini rangi hubadilika mara tu jicho linapohama. Ukitaka kuijua TN dukani, fungua picha ya uso wa mtu, uitazame ukiwa umesimama wima, kisha uchuchumae huku ukiendelea kuitazama: uso utaingia giza kuanzia juu, na ukichuchumaa zaidi rangi zitageuka kabisa. Kwa mtu anayehariri picha, skrini kama hiyo haifai kwa bei yoyote ile, kwa sababu hata ukikaa umetulia, jicho lako linaiona sehemu ya juu ya kioo kwa pembe moja na sehemu ya chini kwa pembe nyingine.

VA huziba nuru vizuri zaidi. Nyeupe yake huwa angavu mara 3,000 au zaidi kuliko nyeusi yake, kwa hiyo usiku katika gemu au filamu huwa ni usiku kweli. Udhaifu wake ni uzito wa fuwele zake kutoka kwenye giza moja kwenda giza jingine, uzito unaomfanya mchezaji aone kivuli cheusi kikiburuzwa nyuma ya kitu kinachokimbia kwenye kona yenye giza. IPS, iliyotoka kwa kampuni ya Hitachi ya Japani mwaka 1996, ilichukua njia nyingine: fuwele zake huzunguka zikiwa zimelala sambamba na kioo, na kwa sababu hiyo rangi hubadilika kidogo sana hata ukitazama kutoka ubavuni. Kinachopotea ni weusi. IPS nyingi hufikia uwiano wa 1,000 kwa 1 tu, na ukizima taa ya chumba utaona nyeusi yake ni ya kijivu cha majivu, pengine na mng'ao hafifu kwenye pembe. Mimi naukubali upungufu huo kwa moyo mweupe, kwa kuwa sihariri picha gizani, na nadhani watu wengi hawashindi gizani pia.

Iko pia OLED, ambayo haina taa ya nyuma hata kidogo, kwani kila nukta huwaka yenyewe na huzimika yenyewe. Weusi wake ni weusi mtupu, na kasi yake haifikiwi na zile tatu za mwanzo. Lakini kitu kinachokaa mahali pamoja kwa saa nyingi kila siku, kama vile mstari wa aikoni ulio chini ya skrini, kinaweza kuacha alama isiyofutika, na katika nyingi ya skrini hizi mpangilio wa nukta za rangi huzipa herufi ndogo ukingo wa rangirangi unaomsumbua msomaji. Kwa mchezaji mwenye uwezo ni kifaa cha kutamanika. Kwa mhasibu ambaye faili moja linakaa wazi tangu asubuhi hadi jioni, nisingemshauri.

Baada ya paneli huja swali la ukubwa, na hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi, kwa sababu inchi huonekana kwa macho, na pikseli, yaani zile nukta ndogo zinazoijenga picha, hazionekani. Dada yangu anatunza hesabu katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Siku moja alibadilishiwa skrini ya inchi 24 akapewa ya inchi 27, akafurahi, na baada ya wiki mbili akaanza kulalamika kwamba herufi zina ukungu na kwamba kichwa kinamuuma. Aliambiwa akapime macho. Nilipofika ofisini kwake nikaomba rula. Skrini ya inchi 24 ina upana wa takriban sentimita 53, na ukizipanga pikseli 1,920 juu ya upana huo, kila sentimita inapata pikseli 36 hivi. Skrini yake mpya ilikuwa na pikseli zile zile 1,920, lakini zimetandazwa kwenye upana wa karibu sentimita 60, kwa hiyo kila sentimita ilibaki na 32. Ni ugali ule ule uliopakuliwa kwenye sinia kubwa zaidi. Kila herufi ilikuwa imejengwa kwa nukta chache na kubwa zaidi, ngazi za ukingo wake zikawa zinaonekana, na jicho lake likawa linahangaika kutwa nzima kuzilainisha.

Skrini ya inchi 27 inakuwa na maana kwa kazi ya maandishi inapokuwa na pikseli 2,560 kwa 1,440, ambapo kila sentimita inapata takriban 43. Herufi hunyooka, na zaidi ya hapo kimo cha pikseli 1,440 kinabeba safu za jedwali theluthi moja zaidi kuliko kimo cha 1,080, jambo ambalo kwa mtu wa hesabu ni faida ya kila dakika. Ile inayoitwa 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, na kwenye inchi 27 inafikia pikseli 64 kwa sentimita. Herufi zake huwa safi kama zilizochapwa kitabuni, lakini kwa ukubwa wake wa asili ni ndogo mno kusomeka, kwa hiyo karibu kila mtu huiambia kompyuta izikuze hadi asilimia 150. Akishafanya hivyo, nafasi ya kazi inarudi kuwa ile ile ya skrini ya 2,560, na alichokilipia ni usafi wa herufi, si uwanja mpana zaidi. Hiyo ni biashara halali, ilimradi mnunuzi aijue kabla ya kutoa fedha. Na anayetamani inchi 32 akumbuke kwamba kwa pikseli 2,560 anarudi kwenye 36 kwa sentimita, sawasawa na ile skrini ndogo ya inchi 24 aliyoikimbia.

Kwa dada yangu suluhisho halikuwa 4K. Ofisi ilikuwa na skrini mbili za inchi 24 zimewekwa stoo, zenye vioo visivyoakisi na miguu inayopanda na kushuka. Tulizipanga ubavu kwa ubavu, ankara ikakaa kushoto na jedwali kulia, ukingo wa juu wa kila moja ukawa usawa wa macho yake, na umbali ukawa urefu wa mkono ulionyooshwa. Kwa kazi ya namna hiyo nafasi ya kuweka vitu viwili kwa wakati mmoja ina thamani kuliko rangi bilioni moja au kasi ya ajabu, na mguu wa skrini unaopanda una thamani kuliko watu wanavyofikiri. Shingo inayoinama kwa saa nane haiponi kwa kuongeza pikseli.

Kuhusu gemu, neno linalotawala ni Hz, yaani idadi ya mara ambazo skrini huichora picha upya katika sekunde moja. Skrini ya kawaida huchora mara 60, kwa hiyo kila picha hukaa kwa milisekunde 16.7 kabla ya kufuatwa na nyingine. Ya 144 Hz huifupisha subira hiyo hadi milisekunde 6.9, na ya 240 Hz hadi 4.2. Hatua ya kwanza, kutoka 60 kwenda 144, huonekana hata na mtu asiyecheza, kwani mshale wa kipanya wenyewe huteleza kwa ulaini mwingine. Hatua ya pili ni ndogo zaidi, milisekunde mbili na ushei, na nadhani wanaoihitaji kwa dhati ni wale wanaoshindana katika gemu za kulenga shabaha. Mchezaji wa mpira au wa magari hapungukiwi na kitu kwenye 144.

Mpwa wangu aliponunua skrini yake ya pili, ya 144 Hz, alinipigia simu usiku wa siku ile ile. "Shikamoo mjomba. Mbona sioni tofauti?" Nilikwenda kesho yake, nikafungua mipangilio ya skrini kwenye Windows, nikashuka hadi sehemu ya mipangilio ya kina, na pale ikawa imeandikwa 60 Hz. Kompyuta ilikuwa imechagua kasi ile yenyewe, na skrini ilikuwa inatii. Nilipobadilisha tu, alishika kipanya akakizungusha mara mbili, akanyamaza, akakizungusha tena. Ninaamini wako wengi waliolipia 144 na wanatumia 60 mpaka leo, kwa kuwa hakuna kengele inayolia kuwaambia.

Ipo sharti nyingine inayosahaulika. Skrini haitengenezi picha, inazipokea tu, na anayezitengeneza ni kadi ya grafiki iliyomo ndani ya kompyuta. Picha moja ya 1,920 kwa 1,080 ina pikseli milioni 2.07, ilhali ya 4K ina pikseli milioni 8.29, mara nne kamili. Kadi inayotoa picha 120 kwa sekunde kwenye ile ya kwanza inaweza kuchoka kabisa kwenye ya pili, na mchezaji akajikuta na skrini ya gharama inayosubiri picha zisizokuja. Ndiyo maana kwa kompyuta ya uwezo wa kati pikseli 2,560 kwa 1,440 huwa ni mahali pa usalama. Anayetumia PlayStation naye aangalie mashine yake kwanza, kwa kuwa PlayStation 4 haizidi picha 60 kwa sekunde, na skrini ya 144 Hz haitaiongezea hata moja. PlayStation 5 hufika 120 katika baadhi ya gemu.

Idadi ya picha zinazotoka kwenye kadi hupanda na kushuka kufuatana na uzito wa tukio, na zisipoendana na mpigo wa skrini, picha hukatika katikati, nusu ya juu ikaonyesha tukio moja na nusu ya chini jingine. Nvidia, watengenezaji wa kadi za grafiki, walileta G-Sync mwaka 2013, na FreeSync ya washindani wao AMD ikaingia sokoni mwaka 2015, zote mbili zikiifanya skrini isubiri kadi badala ya kwenda na mpigo wake. Tangu mwaka 2019 kadi za Nvidia pia hufanya kazi na nyingi ya skrini za FreeSync, kwa hiyo hakuna tena ulazima wa kulipia zaidi kwa jina moja. Ama ile "1 ms" iliyoandikwa kwa herufi kubwa, mimi huisoma kwa tahadhari, kwani mara nyingi ni kipimo cha badiliko moja la kijivu lililo jepesi kuliko yote, tena skrini ikiwa imesukumwa kwa nguvu hadi inaacha vivuli vyeupe nyuma ya vitu. Neno HDR, linaloahidi weupe mkali na weusi mzito ndani ya picha moja, nalo lisikupe haraka kwenye skrini ya bei ya chini, kwa sababu ngazi ya chini ya cheti chake kiitwacho DisplayHDR, ile ya 400, haidai taa ya nyuma iwe na uwezo wa kufifia sehemu kwa sehemu, na bila uwezo huo weusi na weupe wa picha moja haviwezi kuachana sana.

Sasa nirudi kwenye rangi, ambako ndiko niliko kila siku. Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilikubaliana juu ya kipimo kinachoitwa sRGB, kinachoeleza nyekundu ni ipi hasa, kijani ni ipi, bluu ni ipi, na weupe uwe wa namna gani, yaani weupe wa mchana wa kelvini 6,500. Picha nyingi zinazotazamwa kwenye simu na intaneti ziko katika lugha hiyo, na nyingi ya mashine za kusafishia picha huchukulia kwamba faili liko katika lugha hiyo hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la mhariri wa picha ni kama skrini inaifikia sRGB yote. Boksi likisema asilimia 99 au 100 ya sRGB, hapo pana msingi. Likitaja NTSC badala yake, ambacho ni kipimo cha zamani cha televisheni ya Marekani, inasaidia kujua kwamba asilimia 72 ya NTSC inakaribiana kwa ukubwa na sRGB nzima, na kwamba asilimia 45, inayopatikana katika kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu, inakosa zaidi ya theluthi moja ya rangi hizo. Mtu anayehariri kanga nyekundu kwenye skrini ya asilimia 45 anaiona imepauka, anaongeza wekundu, na kwenye simu za watu kanga hiyo inawaka kama taa ya breki.

Upande wa pili una hatari yake pia. Skrini yenye rangi pana kuliko sRGB, ambayo haikuelekezwa vizuri, huzinyoosha rangi zote mpaka zipite kiasi, na ngozi za watu zikawa na wekundu wa homa. Nyingi zina kitufe cha kuirudisha kwenye sRGB ndani ya menyu yake, na ni vizuri kukitafuta siku ya kwanza. Adobe RGB, kipimo kingine cha rangi cha mwaka 1998, ina kijani na samawati pana zaidi na inamfaa anayechapisha kwenye mashine zinazoweza kuzitoa rangi hizo. Kwa sisi tunaopeleka albamu za harusi na picha za pasipoti, sRGB iliyo sahihi inatosha, na usahihi una uzito kuliko upana. Kipimo cha usahihi huo ni kile kinachoandikwa Delta E, na kikiwa chini ya 2, jicho la kawaida ni shida kuliona kosa.

Kuna jambo la ngazi za rangi pia. Paneli ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila moja ya rangi tatu, jumla rangi milioni 16.7. Paneli za bei ya chini kabisa huwa na biti 6, yaani ngazi 64, na hujazia pengo kwa kupepesa nukta kati ya ngazi mbili za jirani. Tofauti hiyo hutaiona kwenye barua, wala kwenye gemu. Utaiona ukipiga picha ya alfajiri pale Raskazone, jua likiwa bado halijatoka baharini, anga likipanda pole pole kutoka rangi ya chungwa hadi bluu ya usiku, kisha ukaifungua kwenye skrini hafifu na kukuta anga limegawanyika mapande mapande kama ngazi za nyumba.

Hata hivyo skrini bora ya IPS yenye sRGB kamili ingeniharibia hina ile ile, kama ningeiacha kwenye mwangaza wa kiwandani. Skrini nyingi hutoa mwangaza wa kandela 250 hadi 350 kwa mita ya mraba, wakati kazi ya picha zitakazochapwa hufanywa kati ya 80 na 120. Kifaa cha kupimia, kile kinachoning'inizwa juu ya kioo na kusoma rangi yenyewe, ndiyo njia ya uhakika, na wapiga picha wawili watatu wanaweza kukinunua kwa pamoja kwa sababu kinatumika siku moja kwa mwezi. Kabla sijakipata nilitumia njia ya mikono: nilichukua picha iliyosafishwa vizuri, nikaishika pembeni ya skrini ndani ya chumba chenye nuru ya wastani, nikafungua faili lake, nikashusha mwangaza wa skrini kidogo kidogo hadi vyote viwili vikafanana kwa uzito. Niliishia kwenye asilimia 28. Skrini ilionekana imefifia kwa siku mbili, kisha jicho likazoea. Nilihamisha meza pia, dirisha likawa ubavuni badala ya mbele, na nikaweka pazia la kijivu, kwani ukuta wangu wa zamani wa kijani ulikuwa unatia rangi yake kwenye kila picha niliyoiamua.

Mtu mwenye mahitaji yote matatu na uwezo wa skrini moja tu nitamwelekeza kwenye inchi 27, IPS, pikseli 2,560 kwa 1,440, kasi ya 144 Hz au zaidi, sRGB yote. Hapo gemu zinapata ulaini, herufi zinapata unyoofu, na picha zinapata rangi za kuaminika, huku kinachokosekana kikiwa ni ule weusi wa VA. Atengeneze hali mbili ndani ya menyu ya skrini, moja angavu ya gemu na moja iliyofifia ya picha, na asiiguse tena hiyo ya pili baada ya kuipima. Skrini iliyopinda ni nzuri kwa gemu, lakini anayenyoosha kuta na milango katika picha za majengo ataona mistari yake ikipinda bila kosa lake, kwa hiyo namshauri aachane nayo.

Waya nao una sauti katika jambo hili. VGA, ile ya bluu yenye pini kumi na tano, ni ya mwaka 1987 na hupeleka picha kwa mawimbi badala ya tarakimu, ndiyo maana herufi zake huwa na vivuli. HDMI ya toleo la 1.4 haipitishi 4K zaidi ya mara 30 kwa sekunde, ya 2.0 hufikisha 60, na ya 2.1 hufikisha 120 na kuendelea. Kwa kompyuta, waya wa DisplayPort ndiyo njia isiyo na usumbufu kwa kasi kubwa. Hapa Tanga tuna la ziada, nalo ni hewa ya bahari: nimeshafungua matundu ya skrini zilizokaa mwaka mmoja karibu na dirisha la upande wa pwani nikakuta pini zina kutu ya kijani. Matundu yasiyotumika yazibwe, na skrini isikae usawa wa upepo wa bahari. Umeme unaopanda na kushuka unahitaji stabilaiza kabla ya skrini, hata kama nyuma imeandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240.

Wengi wetu tutanunua zilizotumika, na sioni aibu katika hilo, kwani skrini za ofisi zinazoletwa kutoka Ulaya mara nyingi ni IPS zenye miguu imara. Lakini usinunue iliyozimwa, wala iliyowashwa ikionyesha video ya muuzaji. Nenda na flashi yenye kurasa tupu tano: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, kila moja ijaze kioo kizima. Nyeupe itakuonyesha manjano ya uzee na madoa ya taa, nyeusi itakuonyesha nuru inayovuja pembeni, na zile tatu zitakuonyesha nukta zilizokufa. Iache iwake kwa dakika kumi na tano, kwa sababu taa iliyochoka hubadilika rangi inapopata joto. Halafu fungua picha moja ambayo unaijua kwa macho na kwa karatasi, iliyo na ngozi ya mtu ndani yake. Mimi huenda na ile ya mikono ya bibi harusi, iliyosafishwa upya, na nakala yake ya karatasi nimeiweka kwenye bahasha. Nikiona hina kwenye kioo imeelekea piko, ninamshukuru muuzaji na kumwomba aniwashie nyingine.